Baba Anatetemeka: Je, Tuuze Shamba?



Barua tuliyoipokea juma lililopita haikuwa ndefu. Imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa shule, na mwenye kuiandika ndiye mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto saba. Tumemwomba ruhusa tuijibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa tunajua kwamba nyumba yenye taabu hiyo si ya kwake peke yake. Jina lake na jina la kijiji chake tunayaacha.

Baba yake ni mwashi. Amejenga nyumba nyingi za matofali katika mtaa wao, na ukuta wa shule anamofundisha mwanawe ni kazi ya mikono yake. Miaka minne iliyopita kidole gumba cha mkono wa kuume kilianza kusugua kidole cha pili polepole, kama mtu anayesokota uzi usioonekana. Baadaye mkono wote ukashikwa. Leo mwiko unamwanguka, miguu inaburura, na uso wake, ambao zamani ulikuwa wa kuchekesha watu, umekuwa kama wa sanamu. Jirani mmoja akasema ni pombe, ingawa mzee huyu hakuonja pombe tangu siku ya ndoa yake. Mwingine akasema amelishwa karuho. Wakaenda kwa mfumu. Mbuzi wawili wakatolewa. Mkono ukaendelea kutetemeka.

Ndipo mpwa wake anayekaa Brussels akaleta filamu fupi katika simu. Mzee mmoja wa Ulaya ameketi kitini, mkono wake unapigapiga kama bawa la kuku aliyechinjwa. Mganga anagusa kifaa kidogo, na ghafula mkono unatulia. Mzee anachukua bilauri ya maji na kunywa bila kumwaga tone. Chini yake yameandikwa maneno kwamba mtu huyo ametiwa waya ndani ya ubongo. Jamaa wote wameitazama filamu hiyo mara nyingi, wengine wakilia. Wakakaa baraza. Wakakubaliana kuuza shamba la migomba na ng'ombe wawili, na fedha zitakazopungua wakope, ili baba asafirishwe. Mama hakusema neno. Na kijana wetu anamaliza barua kwa maneno matatu: «Je, tuuze shamba?»

Tunamjibu kabla ya yote: Msiuze. Msiuze mwezi huu, wala ujao. Sababu yetu si kwamba filamu ile ni ya uongo. Filamu ni ya kweli, na habari yake ni mojawapo ya habari nzuri sana za uganga wa siku zetu. Lakini ni sehemu ya mwisho ya safari ndefu, na baba yenu bado hajapiga hatua ya kwanza.

Ugonjwa wenyewe, tukidhani ndio huo, unaitwa ugonjwa wa Parkinson. James Parkinson alikuwa mganga wa London, naye aliandika kitabu kidogo juu yake katika mwaka 1817, baada ya kuangalia wagonjwa sita tu, wengine akiwaona njiani wakipita. Haukuanza kwa Wazungu, wala haukuja kwetu kwa meli. Wakongo wenye umri wanamkumbuka Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, watu wakimshangilia kwa Kilingala. Miaka kumi baadaye, katika 1984, waganga wakamwambia kwamba ana ugonjwa huu. Katika 1996, huko Atlanta, dunia nzima ilimwona akiwasha moto wa michezo ya Olimpiki kwa mkono uliotetemeka. Aliishi nao hata alipokufa mwaka 2016. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyefika kwetu mara mbili, mwaka 1980 na 1985, akitembea kwa nguvu katikati ya makutano, ndiye yule yule ambaye miaka ya mwisho tulimwona mkono wake wa kushoto ukicheza na sauti yake ikififia, mpaka kifo chake tarehe 2 Aprili 2005. Je, nao walilishwa karuho?

Ndani kabisa ya ubongo, chini, mna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe zake hutengeneza dutu iitwayo dopamini, na bila dutu hiyo amri ya ubongo haitoki vizuri kwenda kwenye mwendo wa viungo. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa kidogo kidogo, kwa miaka mingi, bila mtu kusikia maumivu. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya chembe zile imekwisha kwenda. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka mkono ukiwa umepumzika pajani, ndiyo maana anakuwa mzito wa kuanza, anaandika herufi ndogo na zinazidi kuwa ndogo mpaka mwisho wa mstari, na uso wake hauonyeshi furaha iliyo moyoni. Tunasisitiza jambo hili la uso, kwa sababu wajukuu hudhani babu amewakasirikia. Hakuwakasirikia.

Basi waya umetoka wapi?

Umetoka Grenoble, mji wa Ufaransa ulio chini ya milima ya Alpi. Huko alifanya kazi mpasuaji wa ubongo, Alim-Louis Benabid, aliyezaliwa 1942, ambaye baba yake alikuwa mganga mwenye asili ya Algeria. Zamani zile, mgonjwa mwenye kutetemeka kupita kiasi aliweza kupasuliwa: mganga aliingiza sindano ndefu mpaka katika sehemu ya ubongo inayoitwa talamasi, akaichoma mahali padogo, na mtetemo ukakoma. Lakini kilichochomwa hakirudi. Mganga akikosea kwa upana wa punje ya mtama, mgonjwa anaweza kupoteza usemi au nguvu za upande mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kuchoma, waganga walikuwa na desturi ya kupitisha umeme kidogo kwenye ncha ya sindano, ili wajue wamefika wapi. Mgonjwa alikuwa macho, akijibu maswali.

Mwaka 1987 Benabid alifanya hivyo kama siku zote, lakini akajaribu kubadili kasi ya mapigo ya umeme. Kwa mapigo machache katika sekunde moja, mtetemo haukupungua, pengine ulizidi. Alipofika karibu na mapigo mia kwa sekunde, mkono ukatulia. Alipozima umeme, mtetemo ukarudi. Akawasha tena, ukatulia tena. Wengine nao walikuwa wameona mambo yanayofanana na hayo, lakini yeye ndiye aliyejiuliza: kama umeme unafanya kazi ile ile ya kuchoma, na ukizimwa hakuna kilichoharibika, kwa nini tuchome? Tuuache waya ndani! Mashine ya kuuendesha moyo mchovu kwa umeme ilikuwako tayari, ikitiwa chini ya ngozi ya kifua. Alihitaji kuiunganisha na ubongo.

Hiyo ilikuwa dawa ya mtetemo, basi. Uzito wa mwili na ukakamavu, ambavyo humtesa mgonjwa kuliko mtetemo wenyewe, vilibaki. Njia ya kuviponya ilifunguliwa na msiba uliotokea mbali, katika nchi ya Marekani. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa waliotumia dawa za kulevya walijidunga dawa bandia iliyopikwa vibaya kwa siri. Baada ya siku chache waliletwa hospitalini wakiwa kama miti: hawasemi, hawasogei, macho wazi. Mganga William Langston aliona kwamba vijana hao wana ugonjwa wa wazee, uliowapata kwa siku chache tu. Uchafu uliomo katika dawa ile ulikuwa umeua chembe nyeusi tulizozitaja. Jambo la kutisha. Lakini tangu hapo wataalamu waliweza kuwatia nyani ugonjwa uo huo na kuuchunguza. Mmarekani Mahlon DeLong na wenzake wakagundua kwamba, dopamini ikikosekana, kiini kimoja kidogo chini ya talamasi, kisichozidi ukubwa wa punje ya mbaazi, kinapiga kelele kupita kiasi na kuzuia mwendo. Katika 1990 walitangaza kwamba walipokinyamazisha kiini hicho katika nyani wagonjwa, nyani waliinuka wakatembea.

Benabid na mwenzake Pierre Pollak hawakungoja sana. Mwaka 1993, pale Grenoble, wakatia waya katika kiini hicho cha mgonjwa wa kwanza. Mwaka 1998 walieleza habari za wagonjwa 24. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa walipopimwa wakiwa hawajameza dawa, hali ya mwendo wao ilikuwa bora kwa sehemu 60 kwa mia kuliko zamani, na dawa walizohitaji zilipungua nusu. Lakini tusifiche: katika hao 24 mmoja alivuja damu ndani ya ubongo siku ya kupasuliwa, akapooza na kupoteza usemi. Mwaka 2014 Benabid na DeLong walipewa pamoja tuzo ya Lasker, mojawapo ya heshima kubwa za uganga. Kwa hesabu iliyotolewa 2019, watu zaidi ya 160,000 duniani walikuwa wametiwa waya kwa ajili ya ugonjwa huu na mengine.

Kijana wetu atataka kujua kazi yenyewe inafanywaje, kwa maana filamu haikuonyesha sehemu hiyo. Usiku uliotangulia mgonjwa hapewi dawa zake, ili ugonjwa uonekane wazi. Asubuhi kichwa chake kinafungwa katika duara la chuma kwa skrubu, kisisogee hata kidogo. Picha za ubongo zinapigwa, na mahali panapotafutwa panapimwa kwa hesabu ya milimita. Sehemu ya ngozi inatiwa ganzi, fupa la kichwa linatobolewa tundu dogo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mara nyingi mgonjwa yu macho, anaambiwa «fungua mkono, funga mkono, hesabu miezi ya mwaka», na waganga wanasikiliza kwa mashine sauti za chembe mpaka waitambue sauti ya kiini wanachokitafuta. Waya una unene wa milimita moja na zaidi kidogo, na ncha yake ina vipande vya kupitisha umeme. Kisha, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, waya unapitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, mpaka kwenye betri iliyo chini ya mfupa wa bega mbele ya kifua. Kwa kawaida mapigo huwekwa karibu na 130 kwa sekunde. Umeme huo unafanyaje kazi, wataalamu wanaendelea kujadiliana. Wengi husema kwamba chembe za ubongo mgonjwa zimekuwa kama wapiga ngoma walioshikwa na pigo moja, wasiweze kuliacha. Umeme unalivunja pigo hilo, na mwendo unapata nafasi ya kupita.

Sasa tunafika penye neno ambalo baraza la jamaa halikuambiwa na filamu. Umeme huo hauponyi ugonjwa. Chembe nyeusi zinaendelea kufa mwaka hata mwaka, waya ukiwa ndani au usiwemo. Kinachorudishwa ni saa za mchana: yule aliyekuwa na saa tatu nzuri kwa siku anaweza kupata kumi. Hilo si dogo! Mtu aliyeweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe baada ya miaka mingi hataliita dogo. Lakini kusahausahau hakuponywi na waya, wala kuanguka kunakotokana na mwili kukosa uthabiti. Na usemi mara nyingine unaharibika zaidi. Wengine hubadilika moyo, wakawa na huzuni au haraka isiyo ya kawaida. Na baada ya kupasuliwa, kazi ndiyo inaanza: mganga anapaswa kuutengeneza umeme, kuuongeza na kuupunguza, mara nyingi katika miezi ya kwanza. Betri ya kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, kisha ngozi inafunguliwa tena na nyingine inatiwa. Ziko nyingine za kuongezwa moto kutoka nje, zinazodumu miaka 15 au zaidi, lakini zinahitaji umeme wa nyumbani usiokatika. Tukitazama hali ya umeme katika mitaa yetu, tunacheka kidogo kwa uchungu. Aliyetiwa waya amefunga ndoa na mganga wake. Je, mganga huyo atakaa Brussels, na baba yenu kijijini?

Tena fedha zake ni makumi ya maelfu ya dola. Ng'ombe wawili na migomba havifiki huko, hata kwa mkopo. Barani Afrika kazi hii inafanywa katika nchi chache, kama Afrika ya Kusini na Misri.

Lakini hata kama fedha zingelikuwapo mezani, hakuna mpasuaji mwaminifu atakayemgusa baba yenu leo. Kwa nini? Kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa hili: «Levodopa imemfanyia nini?» Na barua yenu, ndugu mwalimu, haitaji kidonge hata kimoja. Inataja mbuzi wawili.

Levodopa ni dawa ambayo ikimezwa hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Msweden Arvid Carlsson, katika 1957, alikuwa na sungura waliolegea kabisa kwa sababu ya dawa iliyowaondolea dopamini, masikio yameanguka. Akawapa levodopa, wakasimama na kuruka. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mjini Vienna, Oleh Hornykiewicz alipima ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa huu, akaona dopamini imekwisha. Mwaka 1961, yeye na Walther Birkmayer wakatangaza kwamba waliwadunga wagonjwa walio hai, na waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama. Leo inamezwa kama kidonge pamoja na dawa nyingine, karbidopa, inayoilinda isipotee njiani kabla ya kufika ubongoni, na mbili hizo zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Miaka ya kwanza hufanya kazi kwa ajabu. Baadaye nguvu yake huanza kukatika mapema, na mgonjwa huenda hivi: saa moja amekauka, saa ya pili mwili unachezacheza kupita kiasi. Hapo ndipo waya unapopata maana. Kanuni ya wapasuaji, ukiacha mtetemo, ni kwamba yale ambayo levodopa inayapunguza, waya utayapunguza. Yale ambayo levodopa haiyagusi, waya hautayagusa. Humpima mgonjwa bila dawa, kisha baada ya kumeza, nao hutaka kuona ahueni ya theluthi moja hivi au zaidi. Asiyeonja kidonge hawezi kupimwa.

Msidhani kwamba nyinyi mmekuwa wazembe kuliko wengine. Mwaka 2006, katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, nchini Tanzania, wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba katika watu 161,000 hivi. Walikuta wagonjwa 33 wa ugonjwa huu. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote jina la ugonjwa wao. Walikuwa wamekaa nao tu, kama baba yenu, huku majirani wakitafuta mchawi. Kwa hakika hiyo ndiyo sehemu inayotukera kuliko zote: umbali ulio kati ya Grenoble na kijiji si umbali wa waya, ni umbali wa kidonge ambacho kimejulikana kwa zaidi ya miaka hamsini.

Wengine watatuuliza habari za upupu, ule mmea wenye maganda ya manyoya yanayowasha. Ni kweli kwamba mbegu zake zina levodopa halisi, si hadithi. Mwaka 2017 waganga walieleza habari za wagonjwa 18 wa nchi ya Bolivia waliopewa unga wa mbegu zilizokaangwa, na unga huo ulifanya kazi karibu sawa na kidonge. Lakini ulipimwa kwa mizani kila asubuhi na waganga walikuwapo. Tena walipojaribu kwa majuma mengi, wengi walishindwa kuendelea, wengine kwa sababu ya tumbo. Basi msiende porini na kikapu. Kama mganga wenu anaijua kazi hiyo, mwulizeni yeye.

Haya, ndugu mwalimu, tufanye lililo karibu. Mpelekeni baba kwa mganga wa hospitali, mmoja wenu akienda naye, mwenye kumwona kila siku. Chukueni daftari na muandike kabla ya kwenda: mkono unatetemeka ukiwa umelala pajani, au anapoinua kikombe? Maana ukitetemeka anapoinua tu, pengine ni ugonjwa mwingine kabisa, ulio mwepesi kuliko huu. Ulianza upande mmoja? Je, anasikia harufu ya kahawa? Analala vipi? Ameanguka mara ngapi? Tena andikeni dawa zote alizowahi kumeza, kwa majina yaliyo kwenye karatasi zake. Hili ni la lazima. Ziko dawa wanazopewa wagonjwa wa akili, kama haloperidoli, na nyingine za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, ambazo zenyewe humfanya mtu atetemeke na kukauka vile vile. Mganga akizibadilisha, mara nyingi mwili unarudi polepole. Tumemwona mama mmoja aliyetembea kama kibiki kwa mwaka mzima kwa sababu ya vidonge vya kutapika ambavyo hakuna aliyemwambia aviache. Hata tezi ya shingo ikizidi kazi hutetemesha mikono.

Mganga wa hospitali yenu asipokuwa na hakika, atamwandikia barua kwa mganga wa mishipa ya fahamu. Hao ni wachache katika nchi yetu, nasi tunajua njia zilivyo. Lakini wako, na mjini Kinshasa kipo kituo cha CNPP cha Chuo Kikuu. Nauli ya kumpeleka huko ni kubwa. Hata hivyo mbuzi wengine wawili wakiuzwa kwa ajili hiyo, hatutawalaumu.

Akipewa levodopa, aanze kidogo na kuongeza polepole kama atakavyoambiwa. Aimeze kwa maji nusu saa kabla ya chakula, kwa maana nyama, samaki na maharagwe huifungia njia ya kuingia mwilini. Siku za kwanza inaweza kumletea kichefuchefu. Asiiache ghafula kamwe, hata fedha zikipungua, kwa kuwa kuikata kwa siku moja ni hatari ya kufa. Na msikubali vidonge vya sokoni vilivyokaa juani.

Endeleeni na daftari. Saa aliyomeza, saa mwili ulipofunguka, saa ulipofunga tena. Ikiwa baada ya miaka kidonge kinamsaidia sana lakini saa zake zimekatikakatika, na akili yake ni safi, na umri haujazidi, hapo daftari hilo litakuwa na thamani mbele ya mpasuaji yeyote duniani kuliko filamu ya simu. Hapo mkae baraza tena, mama akiwamo, naye apewe nafasi ya kusema. Yaliyochapishwa mwaka 2013 na waganga wa Ufaransa na Ujerumani, waliofuata wagonjwa 251, yanaonyesha kwamba waliotiwa waya kabla ugonjwa haujawamaliza waliishi vizuri kuliko waliobaki na dawa peke yake. Kwa hiyo hatusemi «kamwe». Tunasema «siyo kwa shamba hili, wala siyo sasa».

Uliandika tena, karibu na mwisho wa barua, kwamba baba husimama mlangoni miguu ikigandamana na sakafu, akashindwa kuvuka kizingiti, na watoto wakamvuta mkono. Wasimvute, ataanguka. Waambieni waimbe wimbo wenye pigo la kutembea, au wampigie makofi, naye ataweza kuondoka kwa pigo hilo. Na jambo jingine ambalo waganga wengi wamelithibitisha: mguu unaokataa sakafu tupu hukubali kuruka mstari. Chukueni chokaa, mchore mistari mizito ya kukata njia kuanzia kitandani hadi mlangoni na kuvuka kizingiti, kati ya mmoja na mwingine pawe na urefu wa hatua moja. Mpeni baba kamba apime mwenyewe. Yeye ni mwashi, anajua mstari ulionyooka.